Roho ya Eliel Imedondokea Wapi?

Jumapili, 12 Mei

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Santa Rita Yagavé, walio majumbani, walio mashambani na walio makaburini: ngoma kubwa ya bendi ya mji imepata ngozi mpya. Ngozi ni ya mbuzi. Mbuzi alikuwa wangu. Mpigaji wa ngoma hiyo, ndugu Taurino Yescas, mwenye miaka hamsini na miwili, anapokea pongezi nyumbani kwake wakati wowote.

Hivyo ndivyo nilivyotaka isomwe asubuhi kwenye kipaza sauti cha mji. Karani akakataa. Alisema kipaza sauti ni cha mambo mazito: gesi imefika, punda amepotea, mkutano saa kumi. Pongezi hazikuja. Mji mzima una habari moja tu mdomoni, nayo ni mdogo wangu Eliel.

Niandike. Ijumaa ilikuwa Siku ya Akina Mama. Tulikwenda makaburini kuwapigia akina mama waliotangulia, kama kila mwaka. Eliel ndiye tarumbeta ya kwanza. Tulipofika kaburi la mama yetu, aliinua tarumbeta, akaishusha. Uso ukawa kama chokaa. Jasho. Mikono ikitetemeka, kifua kikipanda na kushuka kama cha mbwa aliyefukuza gari. Akanishika shati, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba anakufa.

Hakufa. Baada ya muda alikaa juu ya kaburi la jirani, akaomba maji, kisha akatuomba radhi sote, na marehemu pia. Leo amekiri kwangu kwamba haikuwa mara ya kwanza. Tangu Krismasi hali hii humjia.

Kila mtu ana maelezo yake. Heladio, tarumbeta ya pili, niliyemsimamia bintiye ubatizo na ambaye hajanisamehe kwa hilo, anasema ni useja: mwanamume wa miaka thelathini na minane bila mke, mawazo humpanda kichwani kwa kukosa pa kwenda. Mke wangu Nolberta anasema mwacheni apumue. Mimi nasema ni mshtuko. Na dawa ya mshtuko kila mtoto wa huku anaijua: mkate mkavu, bila chai, bila chochote, uutafune taratibu ukanyonye nyongo iliyomwagika tumboni. Nimemlisha mikate mchana kutwa. Wa mwisho ulimkwama kooni, akapata mshtuko mwingine. Nikamletea mkate.

Shida ni tarehe. Sikukuu ya Mtakatifu Rita ni Jumatano ya tarehe ishirini na mbili. Asubuhi yake, kabla bendi za vijiji jirani hazijaingia, tarumbeta moja huita peke yake uani mwa kanisa. Isipoita, sikukuu haijafunguliwa. Kazi hiyo ni ya nyumba yetu: babu, baba, sasa Eliel. Ikimshinda, mkutano wa mji utampa Heladio, na kinachotolewa na mkutano hakirudi. Lazima ndugu yangu apone kabla ya hapo. Mtakatifu Rita ni msimamizi wa mambo yasiyowezekana. Tutasaidiana.

Jumatatu, 13 Mei

Nimempeleka kwa Bibi Crispina, anayewarudishia watu roho zao. Alimpima mapigo ya damu kwenye viwiko, akamtazama ndani ya macho, akanipongeza kwa ngozi ya ngoma. Mwanamke mwenye adabu. Kisha akathibitisha: roho imedondoka.

Swali lake likawa moja. Imedondokea wapi? Maana mtu akishtuka, roho humtoka ikabaki palepale aliposhtukia, imekaa chini kama mtoto aliyesahauliwa sokoni. Unakwenda mahali pale, unapiga ardhi kwa matawi, unaita jina, unampulizia mgonjwa pombe kali ya meskali usoni, roho inainuka, mnarudi nayo nyumbani bila kutazama nyuma. Kazi si ngumu. Lakini lazima ujue mahali.

Eliel akajibu kwa upole kwamba hakuna mahali. Hakushtuliwa na kitu. Humjia akila, akinyoa ndevu, akiwa sokoni anachagua vitunguu. Mara mwili unaanza kukimbia, na yeye amesimama. Bibi Crispina alimwangalia kama mtu aliyemletea kuku asiye na kichwa, anataka aambiwe kinachomuuma. "Mjukuu wangu," akasema, "hakuna anayeshtuka bure. Hata mbuzi ana sababu." Nilihisi ananitazama mimi na ngoma yangu.

Njiani nilimwambia Eliel ajikaze akumbuke. Akasema, "Kaka, nakumbuka kila kitu. Ndiyo shida yenyewe." Sikuelewa. Nikampiga begani, nikamwambia asiwaze sana. Akasema asante. Huyu husema asante kwa kila kitu, hata mkate.

Jumanne, 14 Mei

Uchunguzi. Mgonjwa asipokumbuka, kaka yake anakumbuka. Nilimlea mimi baada ya baba kufariki. Najua kila mahali alipowahi kulia. Tulianza asubuhi. Mtoni, alipoteleza akiwa na miaka saba. Ukuta wa shule, alipoanguka na dirisha la mwalimu mkononi. Mlango wa kanisa uliombana kidole. Kila mahali nikapiga ardhi kwa tawi, nikaita: Eliel, inuka, twende nyumbani. Nyuma yetu mbwa. Nyuma ya mbwa, watu. Heladio akatoka kibarazani, akauliza kama serikali imetuma tupime barabara.

Eliel alitembea nami kote bila kulalamika. Alisimama nilipomwambia asimame, akafumba macho nilipomwambia afumbe. Kwenye zizi la mzee Nabor, katikati ya kuita, fahali akaja kuona anaitwa nani. Nilipanda mti ambao haukuumbwa kupandwa. Eliel akacheka hadi akakaa chini kwenye vumbi. Kicheko kile sijakisikia tangu mwaka jana. Nikiwa bado mtini nikatangaza amepona.

Jioni, mezani, kijiko chake kikaanza kugonga sahani. Nolberta akaweka mkono juu ya mkono wa Eliel, akauacha hapo, akaendelea kula kwa mkono mwingine. Mimi nikainuka kutafuta mkate.

Baba naye alikuwa na tumbo. Kila mwaka kabla ya kuita tarumbeta alizunguka nyuma ya kanisa kutapika. Mji mzima ulijua, tukaliita tumbo la Mtakatifu Rita. Sijui kwa nini naandika hili. Baba alipenda sana nyama ya nguruwe.

Alhamisi, 16 Mei

Usaliti. Eliel amekwenda zahanati bila kuniambia. Daktari ni binti mdogo aitwaye Yadira, ametumwa kutoka mjini kutumikia mwaka wake huku milimani. Alimpima moyo na kifua, akamwambia arudi na ndugu. Ndugu ni mimi. Nikavaa shati la sikukuu.

Daktari akasema moyo ni mzima. Nikasimama, nikamshukuru, nikachukua kofia. Akaniomba nikae. Akasema huu ni ugonjwa wa wasiwasi, unajulikana, na una tiba. Si uvivu, si woga, si kukosa mke. Hauhitaji sababu kila unapokuja. Akasema mwili wa Eliel ni kama saa ya kanisa letu: inagonga saa sita wakati ni saa tisa, na ukiipigia kelele haisikii. Hapo aliniudhi. Saa ile niliitengeneza mimi.

Akaendelea. Kuna mtaalamu kule Oaxaca mjini, mtu wa kuzungumza naye, huenda na dawa kidogo, itachukua miezi. Na mwili ukianza mbio zake, Eliel akae chini, atoe pumzi polepole kuliko alivyoivuta, ataje vitu anavyoviona mbele yake kimoja kimoja. Nikauliza kama vitu hivyo vinaweza kutajwa vyote kabla ya Jumatano. Akasema tiba si mashindano. Ni wazi hajawahi kuishi karibu na Heladio.

Kisha akanigeukia mimi. Akauliza kama nalala vizuri. Nikamwambia nalala kama jiwe, ila huamka kabla ya jogoo ili nisikilize. Nisikilize nini? Nikasema kusikiliza tu. Na kifua, je? Nikasema kifua kipo. Eliel alikuwa ananitazama. Nikavaa kofia.

Sasa, ujanja. Daktari kasema moyo mzima. Mtu mwenye moyo mzima hana kitu. Hapo hapahitaji shule. Nikaenda kwa karani, na safari hii akakubali kwamba jambo ni zito. Mchana kipaza sauti kikasema, mlima mzima ukasikia: ndugu Eliel Yescas amepimwa na daktari, hana ugonjwa wowote, na wenye maneno wayameze. Hayo ya mwisho niliongeza mimi.

Naona nimemaliza kazi.

Ijumaa, 17 Mei

Tangazo limefanya kazi, lakini upande usiofaa. Juzi alikuwa mgonjwa, watu wakamletea supu. Leo hana ugonjwa, kwa hiyo ni mvivu. Muuza nyama alimwuliza, mbele ya foleni, kama mikono hutetemeka pia wakati wa kushika uma. Heladio anasema, kwa sauti ya huruma anayoitunza kwa ajili ya misiba, kwamba kama hana kitu basi apulize, na kama hapulizi basi ni jeuri. Kamati ya sikukuu imemwambia Heladio awe tayari, endapo atahitajika.

Eliel hakunilaumu. Aliniuliza tu kwa nini nilisema vile. Nikamwambia nilikuwa namkinga. Akajibu, "Kaka, nilipokuwa naumwa walau walikuwa wananisalimia."

Nikabuni mpango mwingine papo hapo. Shemeji yangu anayeishi mjini husema siku hizi kila kitu ni msongo, na msongo unatokana na kazi. Basi tuondoe kazi. Nimemnyang'anya panga, kuni, mibuni na kuku. Tarumbeta nimeificha darini. Nimemkalisha kwenye kiti uani, nikamwamuru apumzike kwa nguvu zake zote. Alasiri wakaja watoto anaowafundisha muziki, kila mmoja na chombo chake. Nikawarudisha langoni: mwalimu anapumzika. Kasichana kamoja, klarineti yake inakaribia kumzidi urefu, kakauliza mpaka lini. Nikasema mpaka apone. Walikaa upande wa pili wa ukuta kwa muda, wakipuliza kimyakimya, mtu asisikie. Mwalimu alisikia.

Eliel alishinda kitini akitazama mikono yake. Haikuwa na kazi, ikamfanya yeye ndiye kazi. Kabla ya giza ilikuwa imemjia, ikaondoka, ikamrudia.

Nolberta akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba kile kidogo kilichokuwa kinamshikilia ndicho nilichokifukuza langoni. Nikamwambia nitafikiri. "Usifikiri, mzee wangu," akasema. "Kaa naye tu." Kukaa naye tu! Sikukuu iko mlangoni, na mtu anataka nikae. Mwanamke huyu ana mengi mazuri, ila hajui mipango.

Jumapili, 19 Mei

Nimepata. Imenijia katikati ya mahubiri, ni wazi kwa idhini ya juu.

Shida si roho, shida ni anwani. Imedondoka, hatujui wapi. Vyema. Basi tumshtue upya, mahali tunapopajua, mchana kweupe, mbele ya shahidi. Roho, kama alivyosema Bibi Crispina mwenyewe, ni moja. Kipande kilichobaki kikidondoka pale, kile cha zamani kitalazimika kuja kuungana nacho, popote kilipo. Halafu tunaviita vyote kwa mpigo mmoja. Nashangaa hakuna aliyewahi kuliona hili.

Nikamweleza Bibi Crispina. Akasema katika umri wake wote hajawahi kusikia jambo kama hilo. Nikalichukua kama sifa. Mwishowe akakubali kuja, akisema kama nitafanya hata hivyo, afadhali awepo mtu mwenye akili karibu.

Mahali: mabeseni ya mawe ya kufulia, nyuma ya kanisa. Jumatatu alasiri hapana mtu. Kifaa: fataki moja ya sikukuu, ile ya kijiti kirefu. Mtunza fataki mwaka huu ni Heladio, kwa uamuzi wa mkutano ambao sikuuunga mkono. Ilibidi nikamwombe, na kumweleza sababu. Nilijiandaa kwa kejeli. Hakufanya kejeli. Alikuna kidevu, akaniuliza kama nina hakika. Akasema tarumbeta ile anaitaka, hafichi, ameitaka tangu ujana, lakini hapendi kuipata kwa njia hii. Nikamwambia aache unafiki. Akanipa fataki, akasema niangalie, utambi ni mfupi.

Nolberta sijamwambia. Eliel nimemwambia kesho twende tukafue blanketi. Alifurahi. Ni kazi ya kwanza niliyompa tangu Ijumaa.

Jumatatu, 20 Mei

Mpango umetekelezwa. Matokeo ni ya kuchanganya. Fataki ililia. Kikapu cha Bibi Crispina kiliungua kidogo, pamoja na matawi. Blanketi limekwenda na maji. Moshi uliniingia machoni na kifuani, jambo la kawaida kwa mtu aliyesimama karibu. Eliel yuko chumbani kwake, anapanga vitu vyake.

Sitaandika zaidi. Mkono umechoka.

Jumatano, 22 Mei. Mtakatifu Rita

Eliel hakuita. Aliita Heladio. Aliteleza kwenye noti ya tatu, akaanza upya. Nilikuwa nimeomba ateleze, na alipoteleza sikufurahi hata kidogo. Uani watu walitazamana, wakatazama chini.

Wakauliza Eliel yuko wapi. Nikajibu: homa ya matumbo. Nikaongeza kwamba ni kali. Bendi za majirani zikanipa pole, na mama mmoja wa kijiji cha chini akanipa mizizi ya kuchemsha, akanieleza mara mbili namna ya kuchuja. Nikaiweka mfukoni. Watoto wa muziki walisimama safu ya mbele wakitafuta uso wa mwalimu wao kati ya tarumbeta. Nikajifanya narekebisha kamba za ngoma.

Katikati ya maandamano kifua changu kikafanya kile kitu chake. Nadhani ni pilipili ya mchuzi wa asubuhi. Niliendelea kupiga, kwa nguvu, mpaka kiongozi wa bendi akanifanyia ishara nipunguze. Ngoma kubwa ina faida moja juu ya tarumbeta: hakuna anayejua kama mikono inatetemeka.

Jumapili, 26 Mei

Sikukuu imekwisha, mbwa wamelala, mabaki ya fataki yako kila paa. Niandike ilivyokuwa, kwa sababu nimesema uongo mwingi kiasi kwamba sasa nasahau upi nilimpa nani.

Jumatatu alasiri Eliel alikuwa ameinama juu ya beseni, anasugua blanketi. Mimi nyuma ya ukuta, na kiberiti. Bibi Crispina kando yangu na matawi yake. Nikawasha. Utambi ulikuwa mfupi, kama Heladio alivyosema. Fataki haikupanda, ilinipita ubavuni, ikagonga ukuta, ikalipukia ndani ya kikapu. Eliel akaruka, akaziba masikio. Ndiyo, alishtuka. Nani asingeshtuka. Kisha akageuka kuona kumetokea nini, na aliyekuwa chini ni mimi.

Sikuwa nimeumia. Hakuna mchubuko, hakuna hata unywele ulioungua. Lakini pumzi haikuja. Vidole vikafa ganzi, midomo ikafa ganzi, dunia ikawa mbali kama mtu anavyoiona akiwa chini ya kisima. Nilijua nakufa. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Na nilijua jambo jingine, ambalo sijawahi kuliandika: kwamba si mara ya kwanza, kwamba hiki ndicho ninachokisikiliza kabla ya jogoo.

Eliel alipiga magoti kwenye maji yaliyomwagika. Hakuniuliza nimeshtuliwa na nini. Hakunilisha kitu. Alinikalisha, akaweka kiganja mgongoni mwangu, akasema, "Toa pumzi, kaka. Taratibu. Mimi nipo. Sasa niambie unaona nini." Nikasema beseni. Na nini tena? Sabuni. Na nini tena? Blanketi, linaondoka. Bibi Crispina, anazima kikapu kwa meskali. Moto ukawaka zaidi. Eliel akacheka chini kwa chini. Mkono wake mgongoni mwangu ulikuwa unatetemeka tangu mwanzo, na hakuuondoa. Tulikaa hivyo mpaka kivuli cha kanisa kikatufikia.

Ndipo akasema ni kitu kilekile. Chake, changu, na cha baba. Akasema hatasubiri sikukuu. Kesho asubuhi anapanda pikapu ya abiria kwenda Oaxaca kwa yule mtaalamu, na amemwomba dereva nafasi mbili. "Twende wote, kaka." Alisema bila hasira yoyote, na mimi nilikuwa nimetoka kumlipulia fataki. Nikamwambia yangu ni moshi. Nikamwambia sikukuu haiwezi kukosa ngoma. Nikamwambia alale, tutaona asubuhi.

Asubuhi pikapu ilisimama uwanjani. Niliiona kupitia dirisha la ghala la mahindi. Eliel aliweka begi, asipande. Dereva akapiga honi. Eliel akamwomba kidogo tu. Muda wote alikuwa anatazama njia itokayo nyumbani kwangu, si upande wa ghala. Haikumpitia akilini kwamba kaka yake angejificha. Nolberta akampa chapati za mahindi kwenye kitambaa, akamshika uso kwa mikono miwili. Dereva akapiga honi tena. Akapanda. Kwenye ile nafasi ya pili akaweka begi.

Nolberta aliporudi hakuniuliza nilikuwa wapi. Alinipangusa maganda ya mahindi mabegani, akaenda jikoni.

Leo Eliel amepiga simu. Amemwona mtaalamu mara moja, atamwona tena wiki ijayo. Anasema bado humjia, ila sasa kikibisha hodi anajua ni nani. Amepata chumba, na tarumbeta ya kuazima, na mwenye nyumba hajalalamika bado. Akauliza watoto wanafundishwa na nani. Nikasema tunapanga. Akauliza kama nalala. Nikasema kama jiwe. Nikamsikia anavuta pumzi, kisha anaitoa taratibu, kwa sauti, kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia. Nikamwambia salio linaisha. Aliyepiga ni yeye.

Hata hivyo jambo moja limekuwa wazi, na namshukuru Mungu. Mimi mahali pangu panajulikana. Roho yangu imedondokea pale mabeseni, mchana kweupe, mbele ya shahidi. Mgonjwa gani ana bahati kama hiyo? Nikaenda kwa Bibi Crispina. Akakubali kwamba mahali panafaa, ila anayeita lazima awe wa tumbo moja na wewe, maana roho iliyodondoka haiinuki kwa sauti nyingine. Akauliza yuko wapi mdogo wangu. Nikamwambia ana homa ya matumbo. Akanitazama tu. Pikapu ile hupita mlangoni kwake.

Basi jioni hii nimekwenda peke yangu. Hapakuwa na mtu. Nikapiga ardhi kwa tawi, nikaita kwa sauti niliyojaribu kuifanya ifanane na ya Eliel: Taurino, inuka, twende nyumbani. Nikasubiri. Nikaita tena. Kisha nikarudi bila kutazama nyuma, kama inavyotakiwa, kwa hiyo sijui kama kuna kilichonifuata.

Nahisi nilikosea sauti. Niliita kwa nguvu mno. Kesho nitajaribu ya chini zaidi. Eliel hajawahi kunipazia sauti.